Mwenye Jina la Ngolo

Hasira zangu ziko karibu, nyumbani wanajua. Ndiyo maana kaka mmoja wa Mbamba Bay, tunayeshirikiana naye kazi, aliponipigia simu akazunguka na salamu za watoto na habari za mvua, nilimwambia afike kwenye jambo. Akafika. Kampuni moja ya mjini ilikuwa imechukua programu yetu, inaiuza kwa vyama vya wakulima, na sasa imeomba kulisajili jina lake kama alama yake ya biashara. Ikipewa, sisi tulioitengeneza tutakatazwa kulitumia jina hilo.

Jina lenyewe ni ngolo. Kwa asiyefika Mbinga, ngolo ni mashimo tunayolimia kwenye miteremko: majani yaliyofyekwa yanapangwa miraba miraba, yanafukiwa kwa udongo, na katikati panabaki shimo la kutuliza maji ya mvua. Mimi nafundisha kompyuta sekondari. Niliandika programu ya kupokelea kahawa kwenye chama chetu ili watu waache kugombana pale kwenye mzani, nikaiita ngolo kwa sababu skrini yake ilikuwa miraba mitupu. Niliiachia huria mtandaoni. Kaka huyu, Mnyasa, mtumishi wa uvuvi, akaiokota huko, akaigeuza ipokee na usipa, dagaa wa ziwa letu la Nyasa. Miaka ilivyokwenda, programu ikawa kazi ya mikono yake zaidi kuliko yangu.

Nilifoka siku hiyo, jamani, hadi majirani wakachungulia. Halafu nikakaa nikafikiri. Kuchukua programu na kuiuza tuliruhusu wenyewe, kwa maandishi. Kuhusu jina hatukusema lolote. Kwetu Umatengo kila ukoo una mlima wake kati ya vijito viwili, tunauita ntambo. Mgeni akiomba kipande anapewa, analima, anavuna, hakuna wa kumbughudhi. Lakini ntambo unaendelea kuitwa kwa jina la wenyewe, na hakuna aliyewahi kwenda ofisini kuliandikisha hilo, maana hata mtoto analijua. Nami nikadhani dunia nzima ni Umatengo.

Ofisi ya usajili ilitueleza kwa upole kwamba tunaweza kupinga, ushahidi wa kulitumia jina kwanza tunao. Ila mwenye jina lazima awe mtu, au chama kilichosajiliwa. Sisi tulikuwa watu wawili na kundi la kwenye simu. Nikasema basi, lishikwe na chama chetu cha kahawa, yaishe. Kaka akasema hilo si la kuongelea kwenye simu, akakata, nami nikakereka. Jumamosi nikateremka ziwani tulimalize.

Tuliongea tumesimama kando ya vichanja, kina mama wakigeuza usipa juani huku simu zao zenye programu yetu zikining'inia shingoni.

"Dada," akasema, "muda wote huu mimi nimelima kwenu, na sijalalamika. Ila chama chenu kikilishika jina, na hawa mama watakuwa wanalima kwenu."

Nilitaka kumjibu kwamba kwani nani kamfukuza. Nikajisikia, kabla sijafungua mdomo, kwamba hayo ndiyo maneno tunayomwambia mgeni wa ntambo. Iliniuma. Iliniuma pia kwa sababu neno ni la bibi yangu, alilitoa mgongoni mwake kwa jembe, na huyu bwana amekulia kwenye samaki. Hata hivyo kazi kubwa ilikuwa yake; nikafungua kompyuta, na kwenye fomu, pale panapoulizwa mwenye alama ni nani, nikaandika majina yake yote matatu. Akakataa. Nikamwambia atie sahihi kabla sijabadili mawazo, na kwa kuwa ananijua, akatia.

Kampuni ililiachia jina. Programu bado inaiuza, kwa jina jingine, na ni haki yake, ingawa nikiona tangazo lao damu inanichemka. Kwetu walinisema: mwalimu kawapa watu wa ziwani mashimo yetu. Mama yangu aliniuliza kama akitaka kupanda maharage sasa aombe ruhusa Mbamba Bay. Nilimweleza kwamba jina ni la programu tu, shamba halimo. Alinisikiliza, akaendelea kuchambua mboga.

Mvua zilipokaribia kuisha, kaka akapanda kwetu na mfuko wa usipa. Alimpa Mama shikamoo, akaitikiwa, akapewa fyekeo. Kufyeka na kupanga majani ni kazi ya wanaume, kufukia ni yetu. Alifyeka vizuri. Kupanga kukamshinda, miraba yake ikapinda kama ya mlevi. Nilimwona Mama akimwendea, nikaogopa, maana hasira zangu nimezirithi.

"Mwenye jina," akamwambia, "panga upya. Maji yatapita hapa."

Akapiga magoti, akapanga upya. Mama akanigeukia, akanionyesha jembe kwa kidevu, nikalishika nikawa namfuata nyuma, nafukia.