Panya Wangu na Panya wa Kahindo

Nakumbuka siku moja pale Kasese, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nilipomchukia mwenzangu kwa sababu ya panya.

Tulikuwa wasichana wawili tukijifunza kazi katika maabara ya chuo, mimi kutoka Kyondo, Kahindo kutoka Bwera, na nafasi ya kuajiriwa ilikuwa moja. Kila mmoja alipewa panya ndani ya sanduku lenye kitufe. Wangu akibonyeza, alipata punje ya karanga kila mara. Wa Kahindo alipata mara moja moja tu, asijue lini. Baada ya wiki kadhaa tukaambiwa tukate karanga kabisa, tuone nani ataendelea kubonyeza.

Wangu alijaribu kidogo, akaenda kulala. Wa Kahindo alibonyeza mpaka jioni, watu wakaja kumtazama. Ndivyo ilivyotarajiwa, nilishaelezwa: aliyezoea kupata kila mara hukata tamaa mapema. Lakini niliona Kahindo anasifiwa, roho ikaniuma. Nikaanza kumpenyezea panya wangu karanga, leo moja, keshokutwa moja. Akaamka, akabonyeza kama mwendawazimu. Nikafurahi, mjinga mimi.

Mwalimu wetu, mzee aliyetoka Butembo, alitazama hesabu zangu, kisha akaniita pembeni.

“Masika, ile panya haiko na kosa. Ni weye uliifundisha kungoja. Na weye uko vile vile. Kila siku unachungulia kitabu ya hesabu ya Kahindo, sababu siku moja ulikuta kosa ndani.”

Nilikosa pa kuuficha uso. Ni kweli, nilikuta kosa moja, nikafurahi siku nzima, na tangu hapo nilichungulia kila asubuhi bila kupata kitu. Nafasi alipewa Kahindo. Nilirudi Kyondo kuchuma kahawa, na nisikufiche, hata leo nikisikia amepandishwa cheo moyo hunichoma.

Kwa hiyo nakuambia, hasa wewe unayeshika simu kutazama kama rafiki yako amekwama: usidhani wivu unaishi kwa kushiba. Anguko dogo la mwenzako, mara moja kwa mwezi, linatosha kukuweka hapo mwaka mzima. Usijipe hata hilo moja. Akikosea, msaidie, au geuza macho. Mungu akupe kazi yako mwenyewe ya kukushughulisha, mwanangu, na akuondolee mapema uchungu huu ambao mimi nazeeka nao.