Tulipopanda Mlimani Kumtazama Fahali

Katika sisi watatu, aliyejua mambo ya sinema ni fundi wa redio peke yake, na alihakikisha hatusahau. Aliwahi kuishi Eldoret miezi minane, na miezi hiyo minane ilitutesa miaka mingi. Ndiye aliyeingia kwangu jioni moja na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya madaftari niliyokuwa nasahihisha. Lilikuwa tangazo la tamasha la filamu la siku tatu, katika ukumbi wa mji mmoja mdogo kule juu Mlima Elgon. Chini ya maandishi palikuwa na picha ya fahali mweusi mwenye baka jeupe begani, pembe ya kushoto imepinda kuelekea sikio.

Fahali yule tulimjua. Mwenyewe alikuwa rafiki yetu wa tatu, jirani yangu, mkulima wa miwa nje kidogo ya mji wa Kakamega. Na wakati tangazo lile linatufikia, fahali alikuwa ameshakaa mwaka mzima kaburini.

Kaburini, ndiyo. Hapo lazima nirudi nyuma kidogo.

Kwetu mapigano ya fahali hayana refa. Wawili hukutanishwa Jumamosi alfajiri, umande ungalipo, wakasukumana pembe kwa pembe, na atakayegeuka akakimbia ndiye aliyeshindwa. Mshindi hurudishwa kwao na ukoo mzima, ngoma za isukuti mbele, kina mama na vigelegele, matawi yakitikiswa juu, na mwenye ng'ombe ameshika kamba kwa maringo ya bwana harusi. Aliyeshindwa hurudi na mwenyewe, wawili tu, kwa njia ya nyuma.

Fahali wa rafiki yangu alikuwa ameachiwa na marehemu baba yake, akiwa bado ndama. Alimlisha kwa mkono. Mkewe alikuwa akisema mbele ya watu kwamba siku akiota pembe, labda naye ataulizwa kama amekula. Wiki nzima kabla ya pambano lake kubwa, rafiki yangu alijigamba mpaka tukachoka. Alimtangazia kila mtu kituo cha kupimia miwa kwamba fahali wake hajui kugeuka, hata nyumbani ukitaka arudi nyuma lazima uzunguke naye boma zima.

Jumamosi yenyewe mambo yaliharibika. Wale fahali walishikana, wakasukumana, kisha ghafla wakauacha uwanja wakaja upande wetu watazamaji. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Siku ile nyasi hazikuumia hata kidogo. Tulioumia ni sisi, kwa majani ya miwa, maana watu wote waliingia shambani kichwa kichwa na kila mtu akatokea alikotokea. Tuliporudi tulikuta fahali wote wawili wanakula majani, kila mmoja upande wake, kama wakwe walionuniana.

Nani aligeuka? Wazee wa pande zote mbili walisimama katikati wakauliza nani ameona. Watu wakatazama miguu yao. Nikasema mimi.

Nilisema nimemwona fahali wa rafiki yangu akigeuka. Nilisema nikicheka. Utani wetu ulikuwa wa tangu shule ya msingi, na wiki ile ya majigambo nilikuwa naidai. Nilitarajia anitukane, watu wacheke, na aliyeona kweli ajitokeze. Nilisahau kwamba mimi ni mwalimu. Miaka ile, mwalimu akisema amesoma jambo kwenye gazeti, ilikuwa kweli. Akisema ameliona kwa macho, ilikuwa sheria. Wapigaji wa isukuti walitupia ngoma zao mabegani wakaenda na upande wa pili, na rafiki yangu akashika kamba yake akapita njia ya nyuma.

Ningeweza kuwaita. Niliona haya kuwaambia wazee kwamba nilikuwa nawatania, tena wangeniuliza basi nilikuwa wapi hasa. Nikanyamaza, na kila siku niliyonyamaza ilifanya ya kesho iwe ngumu zaidi. Ndugu zake walitaka fahali apelekwe buchani, kwa sababu ng'ombe aliyekimbia hana kazi nyingine. Akakataa. Mvua za masika zilizofuata, ndigana ya kupe ikammaliza fahali kwa siku nne. Majirani walikuja na visu na mabeseni kama ilivyo desturi, wakamkuta rafiki yangu anachimba shimo. Watu walimcheka mpaka huko Mukumu. Mimi nami nilicheka, ili nisionekane ninavyojisikia.

Sasa tulikuwa tunatazama tangazo. Tulikuwa tumemsahau kabisa yule mgeni ambaye siku ya pambano alipanda juu ya lori la miwa na kamera yake ya miguu mitatu. Kwa kuwa alikuwa juu, hakuwa na sababu ya kukimbia. Tulimwita rafiki yangu, akaishika karatasi kwa mikono miwili.

“Twende,” alisema. “Kamera haitaniangi mtu.”

Alisema akiitazama karatasi. Hakunitazama mimi.

Tulipanda mlimani na lori lililokuwa limeleta mahindi sokoni na sasa linarudi tupu. Rafiki yangu alivaa suti ya harusi yake, ambayo kufikia wakati huo ilikuwa inamkumbuka alivyokuwa. Mkewe alimfungia kuku wawili wa kuchoma na obusuma ndani ya majani ya mgomba, ugali wa kutosha ukoo. Fundi wa redio alimweleza kwamba tamasha la filamu halina uhusiano na chakula. Rafiki yangu akamjibu kwamba huko Eldoret labda, lakini yeye hajawahi kuitwa sherehe ya ng'ombe wake akaenda mikono mitupu. Mlangoni alimkabidhi kuku mmoja mama aliyekuwa akikata tikiti, kwa heshima zote, akimwambia ni wa wenye shughuli. Yule mama alimweka kando ya mkebe wa tikiti bila kujua la kufanya. Filamu ya kwanza ilipokwisha, paja moja lilikuwa limeshajulikana la kufanyiwa.

Ilikuwa saa nane mchana, kwa hiyo madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ya shule ya bweni. Nje ukungu, ndani baridi. Sisi watu wa Kakamega tumezoea mvua, lakini baridi ile ilikuwa na meno. Mtaalamu wetu wa Eldoret ndiye aliyeshindwa kwanza. Alinyoosha mkono akachomoa blanketi la dirisha lililokuwa karibu naye, akajifunika, na mwanga ukaanguka katikati ya picha. Ukumbi mzima ulimpigia kelele hadi akalirudisha.

Picha yenyewe, hata hivyo, haikupoteza mengi. Ilikuwa filamu ya bibi mmoja na mbuzi wake, kutoka nchi ambayo sikuijua na lugha ambayo hakuna aliyeijua. Bibi alikaa. Mbuzi akatembea. Bibi akatazama dirishani, mbuzi akatembea tena. Wageni waliovaa skafu, waliokaa mstari wa mbele, walikuwa wakitikisa vichwa kwa huzuni. Rafiki yangu naye alihuzunika, ila kwa sababu yake.

“Huyo mbuzi ana minyoo,” alisema kwa sauti. “Anateseka bure, na mwenyewe anaangalia dirisha.”

Nyuma yetu wenyeji walicheka, skafu zote zikageuka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza kumwambia ukweli kabla kamera haijamwambia. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya pili filamu ya mbuzi ilikuwa imekwisha, taa ya mashine ya filamu ikawaka upya, na fahali akatokea.

Alikuwa mkubwa kuliko nilivyomkumbuka. Filamu ilianza nyumbani kwa rafiki yangu, alfajiri, moshi juu ya paa la jiko, na yeye mwenyewe akimtoa fahali zizini kwa kamba. Wapigaji wa isukuti wakaingia barabarani mbele yao, watu wakaongezeka kutoka kila kichochoro, matawi juu, wimbo umepamba moto. Rafiki yangu alinishika goti. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Nadhani mpaka dakika ile hakuwa ameamini kwamba atamwona akitembea tena.

Kisha uwanja. Fahali walishikana, vumbi likapanda, wakaanza kuja upande wetu, na hapo kwenye pazia la picha nikamwona mtu mmoja mwembamba mwenye koti la kahawia akigeuka kabla ya watu wote. Alikuwa amewapita wenzake hatua kumi, kiatu kimoja kimebaki nyuma. Aliingia kwenye miwa wakati wengine bado wanashangaa. Koti lile lilikuwa nyumbani kwangu, msumarini nyuma ya mlango.

Baada yangu walikimbia wengine, na rafiki yangu miongoni mwao, kofia ikianguka, kamba ameiachia. Uwanja ukabaki na fahali wawili tu. Wakasukumana mara nyingine, moja, mbili, halafu yule wa wapinzani akageuka, akaenda zake mkia juu. Wetu alisimama. Alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu, kisha akainamisha kichwa akaanza kula.

Mkanda ukaisha, mablanketi mawili yakafunguliwa, mwanga ukaingia. Rafiki yangu alinigeukia taratibu.

“Mwalimu, wewe uliona nini?”

“Sikuona kitu,” nilisema. “Nilikuwa kwenye miwa. Nilikuwa nakutania, halafu nikaogopa kusema.”

Nilingoja anipige. Kusema kweli nilitamani anipige, tungekuwa tumemaliza. Alitikisa kichwa pole pole. Aliniambia kwamba hata yeye alikimbia, na kwamba tangu siku ile alikuwa akiwaeleza watu alikuwa amesimama na ng'ombe wake. Ndiyo maana hakunibishia siku ile mbele ya wazee. Angebishaje, na yeye pia hakuona? Kisha akainuka, suti imembana, akaenda kwa mwonyesha filamu kumwomba aonyeshe tena.

Mwonyesha filamu alikuwa mzee mpole mwenye glavu zilizokatwa vidole. Alisema muda umebana na kuna filamu nyingine, lakini mkanda ni lazima aurudishe mwanzo, na kama tunataka anaweza kuurudisha taa ikiwa inawaka. Sauti haitakuwapo, na mambo yataenda nyuma mbele. Rafiki yangu alisema si neno. Mablanketi yakafungwa.

Fahali aliinua kichwa kutoka majanini. Yule wa wapinzani akaja kinyumenyume, mkia kwanza, wakashikana. Miwa ikatutapika sote. Kofia iliruka kutoka chini ikamkaa rafiki yangu kichwani, kiatu changu kikanirudia mguuni, na watoto wa mji ule wakacheka hadi wakalala kwenye mabenchi. Rafiki yangu hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mtu wa kwenye pazia, yeye mwenyewe, akija mbio kisogo mbele kutoka kwenye miwa mpaka akafika ubavuni mwa fahali wake, akashika kamba, akaweka mkono shingoni.

“Hapo,” alimwambia mzee. “Simamisha hapo.”

Mzee alisema akisimamisha mkanda utaungua. Kwa hiyo haukusimama. Pambano likafunguka likawa halijatokea, vumbi likashuka ardhini, uwanja ukaanza kupungua watu. Na hapo ndipo nilipoelewa tunaelekea wapi. Wapigaji wa isukuti walikuwa wamerudi barabarani. Matawi yalikuwa juu, kina mama walikuwa pembeni, kila mtu mdomo wazi kwa wimbo usiosikika, na katikati yao fahali, na rafiki yangu ameshika kamba. Ukoo mzima ulikuwa unamrudisha fahali nyumbani.

Fundi wa redio ndiye aliyeanza kupiga benchi kwa viganja, mdundo ule wa isukuti ambao hata Eldoret haikumsahaulisha. Nikaanza wimbo. Sina sauti, na wimbo ule ni wa kumsindikiza mshindi, lakini nilikuwa nimeuzuia mimi, nani mwingine angeuanza? Skafu ziligeuka tena. Rafiki yangu alisimama katikati ya ukumbi, machozi yakimtiririka juu ya suti ya harusi, akaitikia kwa sauti yake nzito. Tuliimba hivyo, watu watatu tu, mpaka fahali akaingia zizini.