Kodi Niliyolipa Katonga

Nilirudi nyumbani Ujiji na shahada ya uchumi, suti moja, na imani kwamba watu hawaipendi kodi kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza vizuri. Suti ndiyo iliyodumu.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Mitumbwi ilikuwa ikishuka kutoka upande wa Kagunga, mpakani na Burundi, imejaa watu na magodoro, na karibu kila jengo la serikali lenye paa, hata madarasa, lilikuwa na familia ndani. Kazi niliyoisubiri kutoka Dar es Salaam haikuja, kwa hiyo mjomba wangu, mwenye duka la vitenge Katonga, akanipa nyingine. Alikuwa anagombea udiwani. Alitaka msomi wa kuzungumza na watu aliowaita "wasioeleweka", yaani wale ambao hawakuwa wamesema watampa kura yeye au mpinzani wake. Wengi wao walikuwa wanawake waanikao dagaa.

"Waeleze kodi," mjomba aliniambia. "Waeleze shule, waeleze kazi ya serikali. Na wakiuliza habari ya madarasa, mpinzani kasema atawatoa wakimbizi kwa wiki moja. Wewe sema siku tano."

Nilifika mwaloni Katonga, mitumbwi inaposhushia dagaa, saa mbili asubuhi na viatu vya ngozi. Mtu wa Ujiji mwenye akili timamu angeanza kwa kuangalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, siku za giza. Mbalamwezi ikianza kuwaka mitumbwi hupumzika, na watu wanapata nafasi ya mambo yasiyo na haraka, kama wagombea. Mimi nilikwenda katikati ya giza, asubuhi ambayo mitumbwi ilikuwa imerudi imejaa, na mchanga wote kuanzia majini hadi vibandani ulikuwa umefunikwa na dagaa. Chuo kikuu kilikuwa kimenifutia jambo ambalo kila mtoto wa kando ya ziwa lile analijua.

"Shikamooni, akina mama."

"Marahaba," mmoja akajibu bila kuinua kichwa. "Umesimama juu ya chakula."

Nikaruka. Nikatua juu ya dagaa wengine.

Walicheka mpaka wakashika viuno. Yule aliyenijibu, mama wa makamo mwenye sauti nzito, akanielekeza pa kuweka viatu. "Huyu ni wa Ujiji kweli? Wa Ujiji hawaji kuhubiri siku za giza. Haya, msomi, chuchumaa. Hapa mtu anaongea huku anageuza."

Basi nikachuchumaa na suti yangu, nikaanza kugeuza dagaa na kueleza kazi ya serikali. Nilisema kodi ni mchango wetu sote, kwamba unakwenda ukarudi ukiwa barabara, zahanati na shule.

"Ushuru wa karai nalipa hapa hapa, kila nikishusha dagaa," akasema yule mama. "Kwenda umekwenda, hilo nimeliona kwa macho. Huko kurudi ndiko sijaona. Unapitia njia gani?"

"Inachukua muda, mama."

"Dagaa wakichukua muda wanaoza."

Nikajaribu Kiha, lugha ya wenyeji wa huku, kile changu cha kuombea maji, ili nionekane mtu wa nyumbani. Mwanamke aliyekuwa akigeuza dagaa kando yake akainama kuficha kicheko, kisha akamweleza mama yule nilichokuwa nataka kusema.

"Unamwona huyu?" mama akaniambia. "Amekuja juzi tu kutoka Burundi, na kwa lugha yake tunaelewana. Wewe umezaliwa Ujiji, unahitaji mkalimani."

Baada ya hapo aliacha mzaha. Aliniambia ana binti darasa la saba. Madarasa mawili ya shule yao yalikuwa yamepewa wakimbizi, likiwamo la saba, na watoto wamesongamana na wa darasa la sita. Mwalimu wa hisabati naye alichukuliwa kwenda kusaidia kuandikisha wageni, na hajarudi. Mtihani ulikuwa umebaki miezi miwili na nusu. Binti akifeli, mwaka unaofuata atakuwa mchangani pale, anageuza dagaa kando ya mama yake mpaka aolewe.

"Hiyo ndiyo kura yangu," akasema. "Mtawatoa lini?"

Nilikuwa na jibu tayari. Siku tano. Nilishafungua mdomo.

"Usiniambie mimi," akasema, akamwonyesha jirani yake kwa kidevu. "Mwambie yeye. Ndiye analala humo darasa la saba, na watoto wanne."

Yule mwanamke aliacha kugeuza. Hakunitazama kwa hasira. Alisubiri tu, kama mtu aliyezoea kusubiri watu wenye suti waseme. Nikatazama dagaa wangu. Nikamgeuza mmoja ambaye alikuwa ameshageuzwa.

"Sijui," nikasema.

"Alaa!" Mama akapiga makofi mara moja. "Leo umesema kitu. Sasa hiyo serikali tuiache kwanza, iko mbali. Wewe je? Una nini?"

"Mimi sina kitu, mama."

"Una muda. Tangu uje hapa hakuna aliyekutafuta. Na hisabati unajua?"

Nikakiri kwamba najua.

"Basi kodi yako ni hiyo. Lipa."

Kwa hiyo nililipa. Nilifundisha kwenye banda la kushonea nyavu, watoto kumi na wawili wameketi juu ya nyavu, wawili kati yao wa yule mwanamke anayelala darasa la saba. Ubao ulikuwa ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa na kupakwa lami, mweusi mzuri, chaki inashika. Ratiba yetu ilifuata mwezi. Siku za mbalamwezi tulisoma tangu shule inapofungwa hadi jioni. Siku za giza hakuna mtoto aliyepatikana kabla dagaa hawajageuzwa mara mbili, na ubao wenyewe ulikuwa unakwenda kuvua. Siku moja mwenye mtumbwi alilalamika kwamba amekwenda ziwani na sehemu za desimali na akarudi na makarai mawili tu. Nikaanza kufuta.

Binti wa mama alikuwa mkaidi kama mama yake. Hakukubali kwamba robo tatu ni kubwa kuliko theluthi mbili mpaka nilipoligawa rundo la dagaa mbele ya macho yake. Hapo alikubali, akasema nilipaswa kuanza na dagaa. Kweli nilipaswa. Yote ninayoyajua kuhusu kufundisha nilijifunza pale, na kwa miaka hii yote ambayo nimekula mshahara wa ualimu, sijakutana na mkaguzi aliyenisahihisha vizuri kuliko yeye.

Mjomba alishindwa. Mpinzani wake, yule wa wiki moja, akashinda, na wiki ikapita, na wakimbizi wakabaki walipokuwa, kwa sababu diwani hakuwa na pengine pa kuwapeleka. Mjomba alinilaumu kwa haki kabisa: alinituma kutafuta kura, nikarudi na harufu ya dagaa.

Asubuhi ya mtihani nilikwenda shuleni mapema nikihofia watoto wataandikia wapi. Nilikuta mikeka, sufuria na magodoro vimepangwa nje, mstari kwa mstari, na wazee wameketi juu ya mizigo kana kwamba wanasubiri meli. Ndani, yule mwanamke wa kutoka Burundi alikuwa anamalizia kufagia, amefunga kitenge kiunoni. Hakuna barua iliyotoka ofisi yoyote. Walikuwa wamezungumza wenyewe, wao na akina mama wa mwaloni. Kwa siku zote za mtihani walishinda nje na jua lile, wakiwanyamazisha watoto wao wachanga. Nilikuwa nimeandika insha chuoni juu ya wajibu wa serikali na wa raia, nikapata alama nzuri. Nilifurahi kwamba hakuna mtu pale aliyeisoma.

Matokeo yalipotoka, sikwenda kuyaangalia. Niliogopa. Nilikuwa nimekaa barazani kwetu Ujiji nilipomwona yule mama anakuja na kikapu kichwani, na kwa jinsi alivyokuwa anatembea sikuweza kujua lolote. Akakitua. Kilijaa dagaa, wakavu, waliochambuliwa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amechaguliwa. Anakwenda sekondari, ya bweni." Alisema hivyo kama anavyotaja bei, kisha akaketi, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akajifanya ni jasho.

Nikamuuliza, kwa utani, kama mwishowe alimpa mjomba kura yake.

"Kura si ni siri? Au hilo nalo chuoni hawakukufundisha?" Akavua kandambili zake, akakunja miguu juu ya mkeka, kama mtu ambaye hana haraka kabisa. Mbalamwezi ilikuwa imeanza, hakuna kilichoanikwa. "Haya, msomi. Sasa nina nafasi. Nieleze ile habari ya kodi, tangu mwanzo."