Kelele za Meza ya Krismasi

Wengine hula kwa jasho lao; Kishindo, mtengeneza sauti za filamu, alikula kwa kabichi. Alilivunja bua lake mbele ya maikrofoni, kwaa! na kwenye filamu shingo ya mtu ikavunjika. Taulo lililolowa, akilibamiza sakafuni, lilikuwa mtu ameanguka kwenye damu yake. Mkewe alishaacha kumtuma sokoni, maana alirudi na mboga zenye sauti nzuri, zisizolika.

Mwaka ule alipewa filamu ya kutisha na kuchekesha. Familia imekusanyika Krismasi, mara babu aliyezikwa mwezi uliopita anabisha hodi, anadai kiti chake mezani. Keki haijakatwa, mashemeji wanne wamekwisha kuliwa.

"Shingo sina wasiwasi nazo," mwongozaji alimwambia. "Nataka kelele za familia yenyewe mezani. Hawa waigizaji wanagombana kwa zamu, utadhani wako darasani."

"Hizo ziko kwetu," Kishindo alicheka, "tena za bure."

Alicheka, lakini moyoni ilimchoma. Baba yake alikuwa seremala, na alitaka mwanawe huyo airithi mashine ya kuranda. Kishindo alikataa, akaenda kuvunja kabichi. Tangu hapo, miaka miwili, kila akimsimulia baba habari za kazi yake, mzee aliitikia "Haya" na kugeukia mambo mengine. Safari hii Kishindo alikuwa ameapa: baba asipomjibu neno la maana Krismasi hii, mguu wake hautakanyaga tena nyumba ile.

Mama peke yake ndiye aliyeambiwa kuhusu kinasa sauti. "Kiweke," alisema, "ila sehemu nitakayomsema shangazi yako uikate." Kikafichwa ndani ya maua ya mezani.

Basi, waliokuwa wakitaka Krismasi ya balaa waliipata. Shangazi alikuwa katikati ya sala, ameshamwombea kila mtu na sasa anaanza kuwasengenya kwa Mungu mmoja mmoja, mara mguu wa kiti chake ukakatika. Akashika kitambaa cha meza. Kitambaa kikaja na kila kilichokuwa juu yake isipokuwa maua, ambayo mama aliyadaka kama golikipa. Mshumaa ukawasha kitambaa. Shemeji, kwa ushujaa, akamwaga jagi zima la juisi. Moto aliukosa, mama akampata. Watoto walipiga makofi, mama akaukanyaga moto kwa kandambili mpaka ukazimika.

Katika zogo hilo Kishindo alimwinamia baba yake, aliyekuwa akiukagua mguu uliokatika. Kilikuwa kiti cha mkono wake mwenyewe, na aibu ilikuwa imemjaa usoni.

"Baba, nitakuja kesho tukitengeneze sote wawili."

Mzee hakugeuza hata shingo. Kishindo akaenda jikoni kutafuta tambara, akarudi, akafuta sakafu, akachukua kinasa sauti chake na kuondoka bila kuonja keki. Kesho yake hakwenda.

Siku ya tatu aliketi studio, akavaa hedifoni. Mwanzoni alicheka mpaka machozi. Mwanguko wa shangazi ulikuwa dhahabu tupu. Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe ikiahidi kuja, na hatua zake zikienda jikoni. Halafu sauti ya baba, ya mtu anayedhani ananong'ona.

"Mtoto kasema nini?"

"Kasema atakuja mtengeneze kiti," mama alijibu. "Si umwambie, baba watoto? Utaficha mpaka lini?"

"Nimwambie nini? Kwamba mashine imenila masikio? Yule kazi yake ni sauti. Nimwambie baba yake hawezi kuisikia kazi yake?"

Kishindo alirudisha nyuma, akasikiliza upya tangu mwanzo. Alikuwa amemsemesha baba yake mara nne, na mara zote nne mama alikuwa ameyarudia maneno yake kwa kupaza sauti. Kinyozi hajinyoi. Mtu anayetofautisha goti la kulia na la kushoto likigonga sakafu hakusikia kwamba baba yake hasikii. Alilia, tena kwa kwikwi.

Mchana ule ule alikwenda karakana, akasimama mbele ya uso wa baba yake, akatamka kwa mdomo mzima, "Baba, twende kazini kwangu."

Mzee aliitazama midomo ile, akaelewa kwamba siri imetoka. Akazima mashine, akajikung'uta maranda, wakaenda.

Studio, Kishindo alikishika kiganja cha baba yake akakibandika kwenye spika, akaongeza sauti. Babu wa kwenye filamu alikuwa akitembea kwenye korido, hatua kwa hatua, kuelekea mezani. Mzee alifumba macho. Ghafla akauondoa mkono, amekasirika.

"Hiyo ni plaiwudi!"

Kishindo aliitikia kwa kichwa, ndiyo, plaiwudi.

"Mtu mzima kazikwa, kafufuka, kaja mpaka nyumbani kwake, wewe unamtembeza juu ya plaiwudi? Huna adabu?"

"Basi niletee mbao, baba."

"Nini?"

"Mbao!"

"Inchi mbili," mzee alisema, na tayari alikuwa anapapasa mfukoni kutafuta futi yake. "Hiyo korido ina upana gani?"