Sahani ya Kombe

Zafarani ikilowekwa kwenye marashi hutoa harufu inayowakumbusha wengi harusi na biriani. Mimi, kwa miaka mingi, ilinifanya nitake kuomba radhi bila kujua namwomba nani. Sufuria likifunuliwa nyumbani kwa watu siku ya Idi, nilitafuta kisingizio cha kutoka nje. Harufu ile ilinirudisha jikoni kwetu, Al Muraqqabat, kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi na mmoja: shule zimefungwa, jua la nje halivumiliki, na kiyoyozi kinanguruma mchana kutwa kama mtu anayekoroma chumba cha pili.

Sisi ni watu wa Unguja; wazazi wangu walihamia Dubai kabla sijazaliwa. Baba na mama walishinda dukani, na aliyetulea hasa ni Bibi, mamake mama, mwanamke aliyezungumza Kiunguja chake hata na muuza mboga wa Kihindi, naye kwa mazoea akawa anamwelewa. Ghorofa ya juu yetu walikaa watu wa Mombasa. Binti yao Latifa alikuwa rika langu, ana mwanya, na akicheka hukaa chini kabisa sakafuni. Nilikuwa nikimsuka nywele na kumchomeka asumini. Siku moja wakati wa kula nikasema nikikua nitaishi na Latifa, mume simtaki. Wakubwa wakacheka. Baada ya siku kadhaa nikasema tena, nikaongeza kwamba nampenda Latifa kama baba anavyompenda mama. Safari hiyo hakucheka mtu. Mama aliweka kijiko chini taratibu, akanitazama kama aliyegundua nina homa.

Mama alikwenda kwa Maalimu aliyetusomesha Kurani. Napenda nimtendee haki Maalimu: hakuwa mkali, hakunipiga wala kunipigia kelele. Alizungumza kwa upole, na ule upole ndio uliofanya nimwamini. Alisema nimeingiwa na kitu kichafu, na kwamba watu wa namna hiyo Mungu huwapa kisogo, basi nitibiwe mapema. Niwekwe mbali na Latifa, hata nikishapoa. Na kila asubuhi, mpaka shule zifunguliwe, ninyweshwe kombe.

Kwa msomaji asiyelijua kombe, nieleze kidogo. Huchukuliwa sahani nyeupe ya kauri, zikaandikwa juu yake aya za Kurani kwa wino wa zafarani, kisha maandishi yakaoshwa kwa marashi na maji, na mgonjwa akayanywa. Kwetu ni dawa ya heshima. Watu hunyweshwa kwa homa, kwa hofu, kwa mtihani wa shule. Maji ya kusuuzia sahani hayamwagwi bombani wala mahali panapokanyagwa, kwa kuwa yamegusa maneno matukufu. Kwenye fleti hakuna ardhi, kwa hiyo Bibi aliyamwaga kwenye chungu cha mrehani kilichokuwa barazani. Mkono wa Bibi ulikuwa mzuri. Aliandika kimyakimya, akinipulizia sahani ili wino ukauke, nami nikikaa mkabala naye nikitazama dawa ya uchafu wangu inavyopambwa.

Nilikunywa kwa imani yote ya mtoto. Kisha nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza ngazi. Latifa alishuka kila siku kwenda dukani, na nikisikia ndara zake moyo ulinirukia vilevile kama jana. Hapo ndipo hatia ilipoota. Sikufikiri hata mara moja kwamba Maalimu amekosea. Nilifikiri kwamba maneno ya Mungu yameingia ndani yangu, na ndani yangu pakawa pachafu kiasi cha kuyashinda. Nikaanza kulamba sahani. Nikaona haitoshi. Ndipo nikakumbuka mrehani: kama maji ya kombe yanamwagwa pale, basi aya zimepanda kwenye majani. Nikawa natoka na kutafuna majani, machache leo, mengi kesho, mpaka mti ukabaki vijiti, isipokuwa huko chini.

Bibi alinikuta huko barazani, midomo ya kijani.

"Majani yamekwenda wapi?"

"Nimeyala."

"Yote?"

"Ya chini yana vumbi, Bibi."

Alitaka kucheka, nilimwona. Kisha akauliza kwa nini, na nikamwambia kombe halijanishika, nilitaka liongezeke. Cheko likamtoka usoni. Alinifuta midomo kwa ncha ya kanga, akanifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa iliyofuata Maalimu alikuja baada ya sala. Bibi alimtilia kahawa, akamsogezea haluwa, akasema, "Mtoto keshapoa, Maalimu. Mimi ndiye ninayemnywesha, mimi ndiye ninayemjua. Khalas." Maalimu alishukuru Mungu. Mama alilia kwa furaha, akanibusu kichwa. Mimi nilikaa pale nikijua sijapoa hata chembe, na kwamba Bibi yangu, mwanamke wa ibada, ametoa ushahidi wa uongo mbele ya mtu wa dini kwa kuwa nimemwacha aamini yale majani yameniponya.

Alasiri ile mama amelala, Bibi alisuuza sahani ya kombe, akapanga vitumbua juu yake. "Mpelekee Latifa," alisema. "Taratibu, usimwamshe mama yako." Nilidhani ni mtihani. Nilipanda ngazi, nikaweka sahani mlangoni, nikabonyeza kengele, nikakimbia chini. Nilimsikia Latifa akifungua na kuniita jina mara kadhaa. Sikuitika. Kesho yake mamake aliirudisha sahani ikiwa na kaimati, maana kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na kabla shule hazijafunguliwa walihamia Sharjah.

Bibi alifariki nikiwa chuo kikuu. Wengine walilia kwa kumkosa. Mimi nililia kwa kuwa niliamini anaulizwa kaburini juu ya uongo ule, na mwenye uongo ni mimi.

Niliyabeba hayo hadi utu uzima. Leo nafanya kazi kwenye kampuni ya vipuri vya magari huko Ras Al Khor, na miaka miwili sasa, siku ya miadi, saa ya chakula hukaa ndani ya gari langu, vioo nimevipandisha, nikazungumza kwa simu na mshauri wa nafsi aliye nchi nyingine. Ni Mwislamu wa Mombasa. Mara ya kwanza nilimuuliza kama atanigeuza. "Sina dawa ya kukugeuza, dadangu," alisema, "na wewe huna ugonjwa." Kwa anayesoma haya akiwa amejificha mahali kama mimi, ningependa ajue kwamba ushauri wa aina hii upo. Hakunitaka niache dini, na bado nasali. Alinifundisha polepole kutenganisha Mungu na ile hofu niliyonyweshwa kwa jina lake, na ilichukua muda, na kuna siku nilikata simu.

Nilipomsimulia uongo wa Bibi, na kwa kupitia tu vile vitumbua, aliuliza, "Bibi yako alikuwa mtu wa kudanganyika?"

Nikacheka. Bibi alikuwa akionja maziwa anakwambia yametiwa maji kiasi gani. "Hata kidogo," nikasema.

"Basi siku ile vitumbua vilikuwa vya nani?"

Nje kuna fundi alikuwa anagonga bamba la gari. Niliisikiliza nyundo ile. Maisha yangu yote nilikuwa nikijisimulia hadithi hii nikiishia kwenye kahawa ya Maalimu, na vitumbua nikaviweka mbali kama jambo jingine. Bibi alijua sijapoa. Alijua, akanitoa kwenye dawa, kisha akanituma nilikokatazwa.

Hatia haijaniacha. Nina nyingine sasa: mama anaamini nilipona, na sijamwambia. Pia kuna ile sauti ngazini ikiniita. Lakini hizi naweza kuzibeba, kwa kuwa ni zangu kweli.

Mwaka huu mama alifunga mizigo kurudi Unguja, akaniambia nichague kitu jikoni. Nilichukua sahani. Ninaishi na mwenzangu, mwanamke nimpendaye, katika fleti isiyo mbali na ile ya zamani, na majirani hawaulizi, kwani nusu ya mtaa wanachangia vyumba. Ijumaa iliyopita nilipika biriani, zafarani nikailoweka mwenyewe. Nilitia uzi mmoja mmoja, nikiinamia bakuli. Mwenzangu akaja akasimama mlangoni, akaniuliza kama ninapika au ninafanya upasuaji. Tulikula kwenye sahani ile, mpaka weupe wake wa katikati ukaonekana.

Baadaye niliisuuza, na kwa mazoea nikayapeleka maji barazani, kwenye chungu changu cha mrehani. Una majani yote, hata ya chini yenye vumbi.