Nilivyolifuata Neno Moja Hadi Korogwe

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula makopa ya muhogo asubuhi na makopa jioni, mboga yake mchunga usiotiwa hata tone la nazi, huku dukani biskuti za boksi na mafuta ya kila rangi vimejaa hadi mlangoni. Miaka ya nyuma yake foleni ilikuwepo, vitu havikuwepo. Sasa vitu vikawepo, foleni ikafa, maana wa kununua hakuna. Mtu wa kijiji chetu cha Sindeni akisoma hapo ataujua mwaka bila kutajiwa tarakimu.

Mwaka huo akaja bwana mmoja wa mambo ya maji, karatasi mkono huu, kidau cha wino mkono ule.

"Shikamoo bibi. Tia dole gumba hapa. Kisima chenu kinawekwa pampu, na pampu itakuwa na kufuli. Anayelipa anafunguliwa."

Nikamuuliza nani kakubali.

"Ninyi wenyewe. Imeandikwa, wanawake wa Sindeni wako tayari kuchangia maji. Kaandika msomi, mjukuu wako Zaina."

Kidau kile kiliniudhi kabla ya maneno yake. Mimi elimu ya watu wazima nilihudhuria, jina langu naliandika bila kuinua mkono. Kisha likaja hilo la Zaina. Zaina nimemlea mimi, mama yake alipofariki. Kijiji kizima nilikitangazia kwamba mjukuu wangu yuko chuo kikuu anasomea maji, tena si mabomba, anasomea watu wa maji: nani anateka kwanza, nani ananyimwa, nani anaamua. Wakanicheka, "Hayo nayo yanasomewa?" Nikawajibu ya kwao ndiyo hayasomewi.

Nikamwambia yule bwana, "Dole sitii, jina siandiki. Kisima tunachangia, hatukiuzi."

"Si ndiyo hayo hayo bibi, kuchangia?"

Nilikwenda kisimani nikajaza dumu la lita tano.

Kesho yake asubuhi nilipanda lori la mkaa kwenda Korogwe, alikopanga Zaina akimalizia kazi yake ya chuo, nikakaa mbele na dumu langu mapajani. Dereva akalitazama. "Bibi, maji unapeleka Korogwe? Korogwe kuna mto."

"Mto kaa nao wewe. Mimi nina kesi."

Njiani sikuona kitu kwa hasira. Nilikuwa nahesabu wanaokunywa kisima kile. Asubuhi tunateka sisi wakulima. Jua likipinda wanakuja wafugaji, akina Yeyo Naserian, na ng'ombe wao kwenye hori lao la pembeni. Masika ikiisha kisima hujaa tope. Vijana wao wanashuka kufukua, sisi tunapika uji wa kuwapa nguvu, na Yeyo analeta maziwa. Hakuna aliyewahi kurudi na ndoo tupu. Hilo ndilo tunaloliita kuchangia. Kufuli likiwekwa, ng'ombe atalipa kwa kwato?

Saa tatu tulipita mashamba ya mkonge, kisha daraja. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu wa udongo, unakwenda zake baharini. Nikautazama kama mtu anayenidai salamu.

Mtaa wa Masuguru, pale Korogwe, nilipokelewa na Mama Hiza, mwenye nyumba aliyompangisha Zaina. Mwanamke mkarimu, alinipa chai kabla sijakaa vizuri. Lakini uani kwake bomba lilikuwa limevalishwa kufuli kama sanduku la bibi harusi. Jirani akaja na ndoo, wakanong'onezana, jirani akaondoka na ndoo yake vile vile.

"Usinione mbaya, bibi," Mama Hiza akasema, macho chini. "Hapo zamani angeteka tu. Siku hizi bili ikija wananishika mimi."

Sikumwona mbaya. Nilimwona mtu aliyefundishwa ubaya, tena kwa shida.

Mchana Zaina akarudi. "Shikamoo bibi."

Sikumwitikia. Tangu azaliwe hajawahi kukosa marahaba yangu. Akapiga magoti pale sakafuni.

"Uliwauliza nini wanawake wa Sindeni?"

"Niliuliza, mko tayari kuchangia maji? Mkajibu wote, tunachangia tangu zamani. Hata wewe, bibi."

"Mke mwenzangu, chumba hiki unalala na nani?"

"Na Rehema, mwalimu wa shule ya msingi. Tunachangia."

"Unamuuzia?"

Nililiona neno likimgeukia usoni. Kisha akaanza kulia. Akaniambia kesho anasoma kazi yake mbele ya mwalimu wake wa chuo na wakubwa wa maji, na ikiwapendeza atapewa nafasi ya kufundisha chuoni. "Nikisema nilikosea, bibi, wataniuliza miaka mitatu nilikuwa nafanya nini."

"Sema ulikosea neno moja."

"Neno hilo ndilo kitabu kizima."

Asubuhi nilikaa kiti cha mbele ukumbini, dumu miguuni. Zaina akasoma vizuri, sauti yake kengele. Alipofika kwenye Sindeni akaacha kusoma. Akalitazama dumu.

"Hapa nilikosea," akasema. "Hawakusema watalipa. Walisema kisima ni cha wote. Mimi niliwasikia kwa masikio ya ofisini."

Mkubwa mmoja akacheka. "Bibi kamtisha mtoto."

Nikasimama. "Mtoto wa nani? Huyu ndiye msomi peke yake humu aliyekunywa maji anayoyasema."

Mwalimu wake akavua miwani, akamwambia arudi akaulize upya, na nafasi ile mwaka huu apewe mwingine. Hasira ya hapo mpaka leo ninayo. Waliposikia uongo walimwita msomi, aliposema kweli wakamwita mwanafunzi.

Kurudi tulirudi wawili. Alipotuona, dereva wa mkaa akauliza kesi imekwendaje; nikamwambia mtuhumiwa nimeondoka naye. Darajani Zaina akanigeukia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu."

Kule Sindeni Zaina hakutoa karatasi. Alibeba ndoo akapanga foleni, asubuhi na sisi, jioni na akina Yeyo, mpaka akajua nani anamwachia nani zamu na kwa nini. Ndipo akaandika. Mimi nami nimejifunza: mtu akija na kalamu, kabla hujamjibu, muulize neno lake analielewaje yeye.

Makopa yalikuwa hayajaisha ghalani yule bwana aliporudi. Safari hii karatasi ilikuwa mpya, na kuchangia kumefutwa, kumeandikwa kushirikishwa. Kufuli lilikuwa lile lile, amelibeba mfukoni. Na kidau cha wino.

"Bibi, sasa neno tumelibadilisha."

Nikamwambia, "Dole sitii, jina siandiki. Kisima tunachangia, hatukiuzi."