Mwalimu Dirisha Apata Miguu

Kabla hajaitwa Mwalimu Dirisha, kijana huyu alikuwa mwanachuo wa ualimu aliyewika kuliko wenzake wote. Chuo chao kilisomesha kwa mtindo mseto, yaani siku chache darasani na nyingi mtandaoni, kila mtu kwao na simu yake, na hata masomo ya majaribio walifundishana humo humo. Humo kijana alikuwa simba. Anawasha kamera, anakaza shingo ndani ya shati lililopigwa pasi kifuani tu, anafundisha hesabu za sehemu mpaka wenzake wanasahau kusinzia. Chini ya shati, kaptula ya kulalia. Nani angejua? Mwaka mzima mtoto wa watu alifundisha bila miguu.

Basi akapelekwa shule ya msingi kufanya mazoezi, darasa la tano, na huko mambo yakamwendea kombo. Alisimama mbele ya watoto akagundua kwamba anaonekana mpaka chini. Magoti yanaonekana. Viatu vinaonekana. Mguu wa kulia ukawa unamuuliza wa kushoto wakae wapi, na mikono ikaning'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Akafungua mdomo, ikatoka hewa.

"Mwacheni, bado anazunguka kama video ya simu," akasema msichana wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimwita Redio, na msinilazimishe kueleza kwa nini.

Mwalimu mlezi, mama mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kumwongoza, akamvuta pembeni. "Mwanangu, mhadhiri wako anakuja Alhamisi kukupima. Akikukuta hivi, unarudia mwaka."

"Nitasimama, Mwalimu."

"Kusimama umeshasimama. Mimi nataka useme."

Jioni kijana akaenda kwa mjomba wake, fundi seremala, mtu anayeamini hakuna ugonjwa duniani usiotibika kwa mbao.

"Mjomba, nikisimama mbele yao napotea."

"Unapotelea wapi na urefu wote huo?"

"Kwenye simu nina mpaka. Huku kichwa changu, huku kifua, basi. Pale darasani naendelea tu mpaka sakafuni."

Mjomba hakucheka. Akamgeuzageuza mpwa wake, akampima mabega kama anayetaka kumshonea koti, kisha akaingia nyuma ya karakana akatoka na dirisha. Lilikuwa dirisha zima, la mteja aliyehama bila kuaga, lenye fremu, bawaba na ubao wake wa kufunga. Akalipigilia miguu ya kusimamia, na chini akatundika pazia kuukuu lililopungukiwa kiganja kimoja kufika chini.

"Huu ubao uung'oe, Mjomba. Nahitaji fremu tu."

"Acha ujinga. Huko mtandaoni hamzimi kamera? Haya, nimekuwekea na cha kuzimia."

Kesho yake kijana akasimama nyuma ya dirisha, na jamani, sauti ikarudi. Watoto wakatulia kama wanatazama televisheni, wengine wakasogeza madawati karibu. Akiulizwa swali asilolijua, anafunga ubao, anachungulia kitabu, anafungua: "Samahani, mtandao ulikuwa unasumbua." Hapo ndipo alipobatizwa jina la Dirisha.

Shida ni kwamba watoto hujifunza. Jumatano Redio alikuja na boksi la sabuni lililokatwa tundu, uso wake ukiwa ndani. Alipoulizwa nusu ukijumlisha na robo unapata nini, akaligeuza boksi nyuma mbele. "Mwalimu, mtandao umekata," likasema boksi. Alhamisi asubuhi nusu ya darasa walikuwa ndani ya maboksi.

Ndipo mhadhiri akaingia, katika koti na tai. Yeye na Dirisha walifahamiana mwaka mzima kwenye simu tu, maana zile siku chache za darasani mhadhiri huyu hakuwahi kufika, kwa hiyo walipungiana mikono wakiwa wamekaribiana kiasi cha kukanyagana. Mhadhiri akaenda kukaa nyuma, akaitazama fremu, akatazama maboksi. Hakuonekana kushangaa. Alionekana kama mtu aliyefika nyumbani.

Somo likaenda vizuri mpaka Redio alipochomoa kichwa kwenye boksi. "Mwalimu, nusu ya robo ni kubwa kuliko robo au ni ndogo?"

Dirisha alilijua jibu hilo tangu utotoni, lakini macho ya mhadhiri yalimchoma, naye akafunga ubao. Alipotaka kuufungua, ukagoma. Bawaba ilikuwa imejikunja. Akasukuma, wapi. Mwalimu mlezi akavuta kwa upande wa pili, wapi. Mhadhiri akaja kusaidia.

"Jaribu kuzima halafu uwashe."

"Nimezima tayari, Mheshimiwa. Kuwasha ndiko kumekataa."

"Basi toka, halafu ingia upya."

"Nitatokaje na limefungwa?"

Wakavuta, wakasukuma, maboksi yakiwapa ushauri. Nyuma ya ubao kijana alikwishaanza kuuona mwaka wa kurudia, kaptula ile ile, simu ile ile. Redio akainuka.

"Mwalimu, si upite pembeni?"

Wote watatu wakaachia ubao. Pembeni kulikuwa wazi, pande zote mbili, tangu mwanzo. Dirisha akatoa mguu mmoja, akautazama, akatoa wa pili.

"Kumbe miguu bado anayo," akanong'ona mtoto mmoja.

Kwa aibu hakujua pa kushika, akalishika dirisha. Akachukua chaki, akaugawa ubao wake uliogoma kwa mistari: nusu, robo, nusu ya robo. "Hii hapa. Nani anaona ipi ni kubwa?" Maboksi yakavuliwa ili watu waone vizuri. Alifundisha mpaka kengele ikalia, akitembea kati ya madawati, na miguu ilienda yenyewe bila kuulizana.

Watoto wakatoka. Dirisha akamgeukia mhadhiri kungoja hukumu. Mhadhiri akafungua mdomo, ikatoka hewa. Akamtazama kijana juu hadi chini, akalegeza tai, kisha akazunguka nyuma ya dirisha lililofungwa.

"Mnanisikia?" sauti ikauliza kutoka nyuma ya ubao.

"Tunakusikia," akajibu mwalimu mlezi.

"Umefaulu, kijana. Hongera."

Chini ya pazia, pale palipopungua kiganja, Dirisha akaona kwa mara ya kwanza alichovaa mhadhiri miguuni. Zilikuwa kandambili, moja ya bluu na moja ya kijani.